Swichi ile si mbovu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wenzangu wenye amplifaya za zamani jambo lililonichukua miaka 11 kulijua.

Nakaa Mkomani, Lamu. Aujuaye mji wetu anajua kwamba baina ya dirisha langu na la jirani ni upana wa punda na shehena yake, basi. Jirani kajaaliwa mtoto, na mimi taarabu huisikiliza baada ya Isha. Sikungoja kubishiwa hodi, nikapunguza sauti mwenyewe. Lakini besi ikatoweka, dumbaki ikawa kama mtu agongaye kiberiti, ikabaki fidla inalia peke yake.

Fundi mmoja akasema spika zimechoka, ninunue sabufa. Tena akaizungusha swichi iliyoandikwa Loudness, yaani ukubwa wa sauti, kwenye Yamaha yangu, sauti ikafifia. "Mzee, hii nayo imekufa. Niing'oe, niunganishe waya moja kwa moja." Hata mimi miaka yote nilidhani mbovu: swichi yenye jina hilo inapunguzaje sauti? Nikamwambia arudi Jumatatu.

Mwanangu aliye Mombasa akanitumia kitabu cha maelezo kwa simu. Kumbe kupunguza ndiyo kazi yake! Swichi ikiwa kwenye Flat, yaani mwanzo wake kabla haijapunguza kitu, unafungua sauti hadi kiwango chako cha mchana. Kisha unaizungusha hiyo Loudness taratibu. Inashusha zaidi sauti za katikati, besi inabakia. Ugonjwa haukuwa kwenye spika, ulikuwa masikioni. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walilipima jambo hili tangu 1933: sauti ikishuka, sikio hupoteza zile nzito kwanza. Besi yangu ilikuwapo muda wote, ila siisikii.

Mengine nimeyajaribu mwenyewe. Vyumba vyetu vya boriti ni virefu na vyembamba, kuta za chokaa hazimezi kitu. Spika zilikuwa mwisho huku, mimi mwisho kule. Sasa kiti kiko mita moja na nusu tu kutoka kwenye spika, nazo nimezirudisha nyuma hadi shibiri moja na ukuta, maana ukuta huongeza besi bila gharama. Feni nazima, kwani mvumo wake unafunika udi. Wakati wa kusi hilo jepesi. Kaskazi ikiingia tutaonana.

Ambao Loudness yao ni kitufe cha kubonyeza: kibonyezeni mkishusha sauti, mkitoe mkipandisha, la sivyo besi itavuma kama jenereta.

Fundi alikuja Jumatatu na bisibisi yake. Nikamtilia kahawa, nikamkalisha kwenye kiti kile. Bisibisi aliisahau kwangu, naye hajaijia.

Mstaafu,
Mkomani, Lamu