Ramani ziwe na milimita na inchi pamoja

Mhariri, naomba niongee na wachoraji wetu wa ramani za nyumba. Jamani mnatuletea karatasi milimita tupu, 900, 2100, 3600, wakati fundi wa saiti anapima kwa futi, mbao ananunua mbili kwa nne, tofali la inchi 6, nondo tu ndo anaitaja kwa milimita. Mimi seremala kanitengenezea fremu ya futi 3, yaani milimita 914, ukutani nafasi imeachwa 900, ikagoma kuingia tukabomoa plasta mpya kabisa, inauma sana. Na AutoCAD, ile programu ya kompyuta mnayochorea ramani, ina sehemu ya vipimo vya pili, ukiiwasha inchi zinakaa pembeni ya milimita, inapiga hesabu yenyewe. Iwasheni basi!

Mjenzi, Dar es Salaam