Risala ya wazazi wa wanafunzi wa udaktari kwa mgeni wa heshima, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wetu, Mkuu wa Kitivo cha Tiba, wahadhiri mlioandamana naye, viongozi wa dini, wazazi wenzangu, nanyi watoto wetu mlioketi huko nyuma, hamjambo?

Kwa niaba ya wazazi waliofika hapa Kisumu leo, wengine wametoka Ahero na Maseno alfajiri, wengine wamepanda matatu Nakuru kabla jogoo hajawika, nakukaribisha kwa mikono miwili. Kuja kwako kumetupa moyo sana. Wengi wetu tumelipa karo miaka na miaka bila kuketi na mkuu wa masomo, isipokuwa siku mtoto amefeli.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2020 kwa kukumbushana tarehe za karo kwenye simu. Tarehe 13 Machi mwaka huo kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini. Siku mbili baadaye Rais akaamuru shule na vyuo vifungwe, watoto wakarudi nyumbani na masanduku yao, na masomo yakahamia mtandaoni. Korona ilipotulia chuo kilifunguliwa, lakini mihadhara mingi ya miaka miwili ya mwanzo ilibaki kwenye simu na kompyuta. Mpaka leo iko huko.

Tuseme ukweli, Mheshimiwa, sisi wazazi tulifurahi. Kodi ya chumba tumeokoa, mtoto anakula ugali wa nyumbani, tunamwona asubuhi na jioni. Tukasema huyu sasa yuko salama. Tulichelewa kugundua kwamba mtoto anaweza kuwa chumba cha pili na mzazi asijue hali yake.

Kuna mama hapa ukumbini anayeuza omena sokoni Kibuye, ambaye amenipa ruhusa nilieleze hili. Binti yake yuko mwaka wa pili. Walifundishwa kwa video namna ya kupima mpigo wa mshipa. Video ilipoisha, binti akamwendea nyanya yake barazani, akamshika mkono karibu na kiganja, akaweka vidole viwili upande wa kidole gumba, simu ikamhesabia sekunde 60. Akapata 58. Akarudia, akapata 81. Akarudia tena, mpigo ukampotea kabisa. Nyanya akamwambia, "Mjukuu wangu, hesabu tu, mimi sina haraka." Binti akaangua kilio palepale. Mama yake alidhani nyanya amepatikana na ugonjwa. Kumbe mtoto alikuwa anajiuliza kama vidole vyake viko mahali pake, na hapakuwa na mtu wa kuvisogeza.

Kazi ya udaktari hurithishwa mkono kwa mkono, nawe Daktari unalijua hilo kutushinda. Mwanafunzi akiwa maabara na wenzake, wote wakikosa, wanacheka, mwalimu anawarekebisha, wanaenda kula. Akikosa peke yake chumbani saa nne usiku, anaamini ni yeye tu asiyejua. Mifupa ya mwili wa mtu mzima ni 206, na kila mmoja una jina lake, na mingi ina mashimo yake na misuli inayoishika. Kijana wangu mwenyewe aliisoma yote akiwa amelala kitandani, kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembeni. Kila nikimuuliza hali, alijibu, "Niko sawa, Baba." Nilikubali jibu hilo muhula mzima. Alikuwa ameacha chakula cha jioni, analala mchana, anaumwa kichwa kila siku, nami nikamnunulia dawa ya kichwa.

Makosa mengine ni yetu, na tumekubaliana tuyaseme mbele yako. Mtoto akionekana nyumbani, sisi huona hana kazi. Katikati ya mhadhara tunamtuma dukani, tunamwachia mdogo wake ambebe, tunawasha redio. Mzazi mmoja alimwona bintiye ana kisikizi sikio moja huku anasonga ugali, akamgombeza kwamba anasikiliza muziki. Alikuwa anafundishwa biokemia. Na anaposhindwa kufuata, tunamkumbusha harambee tuliyofanya ili asome. Tunadhani tunamtia bidii, kumbe tunamwongezea mzigo ambao hana pa kuutua.

Yapo pia yaliyo mikononi mwenu. Tunaelewa kwamba wahadhiri wengi mchana wako na wagonjwa, ndiyo maana somo huja usiku. Lakini taarifa ikitumwa saa moja na nusu kwamba mhadhara ni saa mbili, anayeishi Nyando na stima imekatika hana la kufanya. Asubuhi anahesabiwa hakuhudhuria. Na kuhusu kuwasha kamera, tunaomba mtufikirie. Zipo nyumba zetu za chumba kimoja. Mtoto hutundika leso nyuma yake wenzake wasione kitanda na sufuria, kisha mdogo wake anaivuta. Aibu ya namna hiyo haiishi siku ile.

Juu ya hayo yote, wanatazama mbele na kuogopa. Waliona mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 uliodumu siku 56, waliona madaktari wanagenzi, wale walio mafunzoni hospitalini, wakiambiwa watapewa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za makubaliano ya 2017 kati ya chama cha madaktari na serikali. Mtoto anayesoma miaka sita, kisha mwaka mwingine wa mafunzo hospitalini, ana haki ya kuuliza anaendea wapi.

Naomba nitaje jambo zito. Wapo watoto waliofika mahali pa kutotaka kuishi. Wazazi wao walinyamaza kwa hofu, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mkosaji. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sheria imelegea, lakini midomo yetu bado imefungwa. Watoto hawa wanaogopa zaidi, maana wanadhani daktari mtarajiwa akisema amezidiwa ataambiwa hafai kazi. Wewe, Daktari, ukisimama leo ukawaambia kwa mdomo wako kwamba haitahesabiwa dhidi yao, watakuamini kuliko sisi. Nanyi watoto, nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo.

Ombi letu kubwa ni moja. Kila wanafunzi kumi wapewe mwalimu mlezi anayewajua kwa majina, na angalau mara moja kila wiki mbili wakutane ana kwa ana katika hospitali iliyo karibu nao. Hapa tuna Jaramogi, ile wazee wetu wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti. Kakamega ipo, Nakuru ipo. Nauli tutatoa sisi. Tumepiga hesabu, inatushinda kidogo lakini tutaiweza. Mwalimu huyo awe na nambari zetu, nasi tuwe na yake, ili mzazi akiona mtoto ameacha kula ajue pa kupiga simu kabla ya matokeo kutoka. Mihadhara irekodiwe, na ratiba ijulikane wiki moja mbele.

Daftari lililo mezani mbele yako lina majina yetu, mahali tunapoishi, na hospitali iliyo karibu na kila mmoja. Binti wa mama wa Kibuye ndiye aliyeliandika, na yuko safu ya mwisho. Ameleta na nyanya yake. Ukimaliza kuzungumza nasi, tunakuomba upite pale ukamwonyeshe mahali pa kuweka vidole.

Karibu, Mheshimiwa.