Setilaiti yetu ijayo ihesabu chembe

Ndugu Mhariri,

Kila inapotajwa setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 2 Desemba 2022, sifa zote huiendea kamera yake. Silaumu, maana picha ya shamba au ziwa kila mtu huielewa. Lakini katika mradi huohuo wa BIRDS-5, ambao wahandisi wetu waliufanyia kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, setilaiti ya wenyeji wao iitwayo Taka ilipewa kifaa cha kupima elektroni zenye nishati kubwa. Ombi langu ni kwamba setilaiti yetu ijayo nayo ibebe kifaa cha namna hiyo.

Kifaa chenyewe si lazima kiwe kikubwa. Moyo wake waweza kuwa kisahani cha silikoni, ambacho chembe ya mionzi, kama elektroni au protoni, ikikipenya huacha ndani yake sehemu ya nishati yake. Kila elektrovolti 3.6 hivi (kipimo kidogo sana cha nishati) zinazoachwa hufungua elektroni moja, na kwa kuwa elektroni hizo hukusanywa kama mpigo wa umeme, ukubwa wa mpigo hueleza kiasi cha nishati iliyoachwa. Visahani vikipangwa kwa safu, chembamba mbele na kinene nyuma, hata aina ya chembe hujulikana: kwa mwendo uleule, kiini cha heliamu huacha katika kile chembamba nishati takriban mara nne ya protoni.

Ugumu haumo katika kuhesabu, umo katika kuiamini hesabu. Explorer 1 iliporushwa na Marekani mwaka 1958, ikiwa na kihesabio cha Geiger, yaani kifaa cha kuhesabu chembe za mionzi, cha James Van Allen wa Chuo Kikuu cha Iowa, hesabu zilishuka hadi sifuri ilipopanda juu sana, mahali ambapo angalau miale ya kosmiki, yaani chembe zitokazo anga za mbali, ilitarajiwa. Kumbe chembe zilikuwa nyingi mno, zikifuatana upesi kuliko kihesabio kilivyoweza kujirudia hali yake baada ya kila moja. Mfano wa karani wa lango la uwanja wa Namboole siku ya mechi ya Cranes, timu yetu ya taifa, ambaye umati ukimbana ukutani hushindwa kukata hata tiketi moja, na kitabu chake kikaonyesha kwamba hakuna aliyeingia. Carl McIlwain, mwanafunzi wa Van Allen, alikimulika kihesabio kama hicho kwa eksirei maabarani, akaipata sifuri ileile, na Explorer 3 ya Machi mwaka huohuo, iliyokuwa na kinasa cha utepe, ikaleta kumbukumbu kamili zaidi. Hivyo ndivyo mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, yaani maeneo yaliyojaa chembe zilizonaswa na uga sumaku wake, ilivyogunduliwa.

Kwa hiyo kifaa chetu kipimwe kwanza hapa chini kwa mionzi inayojulikana, hadi kilemewe, ili mwisho wa uwezo wake uandikwe kabla hakijarushwa. Mashine za tiba ya mionzi zipo Mulago, na pengine saa moja nje ya zamu za wagonjwa ingetosha kuanzia. Setilaiti ikipita juu yetu kwenye ikweta itakutana na chembe chache, kwa sababu uga sumaku wa dunia hukinga. Ikifika juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazili, ambako mkanda wa ndani wa mionzi hushuka chini, hesabu zitapanda ghafla, na huko ndiko kompyuta za setilaiti huvurugika mara nyingi zaidi. Mhandisi aliye na hesabu hizo mkononi ataweza kupambanua kama kompyuta yake ilizimika kwa kupigwa na chembe au kwa waya uliochomelewa vibaya.

Mwalimu wa fizikia,
Jinja