Baiskeli za umeme huku Moshi: tuulize mlima kwanza, spidi baadaye

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hizi baiskeli za umeme ambazo vijana wa huku kwetu Moshi wameanza kujiundia wenyewe. Mi yangu nimeiunda kwa mikono yangu, inatembea, naenda nayo kazini, na kila nikisimama nayo Mbuyuni swali ni lile lile, inakimbia ngapi? Jamani, sisi hatukai tambarare. Ukitoka mjini kwenda Kibosho, Uru, Machame, Marangu, kote huko unapanda tu, sasa cha kuuliza ni inapanda wapi na ikishuka inasimamaje.

Tupige hesabu kidogo. Baiskeli, mtu na kamzigo chake tuseme kilo 100. Kuinua kilo 100 mita 500 kwenda juu, sio umbali wa barabara, ni ule urefu wa kupanda wenyewe, kunataka kama wati-saa 136 (wati-saa ni kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), na ukijumlisha nguvu inayopotea kwenye mota na waya unakaribia 200. Betri ya volti 48 na ampia-saa 10, ukizidisha, ina wati-saa 480. Yaani mlima peke yake umeshakula karibu nusu ya betri na bado hatujahesabu upepo wala barabara mbovu, ndo maana mtu anaambiwa na muuzaji hii inakwenda kilomita 40 alafu inamzimikia njiani anaanza kumlaumu fundi. Kilomita hizo wamepima pa tambarare. Ukikanyaga pedali unaisaidia sana, na kuichaji tena ikiisha ni zaidi kidogo tu ya nusu uniti ya umeme wa LUKU, hapo kwa kweli hakuna chombo cha petroli kitakachoigusa.

Mota nazo zinatofautiana na watu wengi hawaambiwi. Kuna mota ya habu, ile inayokaa katikati ya gurudumu, isiyo na gia, kubwa, nzito, inapenda gurudumu lizunguke haraka. Mlimani gurudumu linaenda polepole, kontrola, yaani kile kiboksi kinachoipimia mota umeme, inasukuma ampia 20 kwenye volti 48, hizo ni wati 960, na sehemu kubwa inageuka joto humo humo ndani, ukishuka ukaigusa inaunguza. Kwa milima yetu bora yenye gia ndani, au ile inayofungwa kwenye pedali ikatumia gia za baiskeli yenyewe. Na wale wanaosema mteremkoni mota itarudisha chaji, zenye gia nyingi hazirudishi kitu, ndani zina friwili, gurudumu linazunguka lenyewe bila kuizungusha mota.

Sasa kushuka, hapa ndo roho yangu inaposhtuka. Naona vijana wanafunga mota na betri juu ya baiskeli ya chuma ya zamani yenye breki za fimbo zinazobana ringi, alafu anapakia na mikungu ya ndizi kwenye keria anateremka toka Uru barabara imelowa na mvua. Breki hizo zikilowa zinateleza, na baiskeli sasa ina kilo nyingi zaidi ya alivyozoea. Breki za diski mbele na nyuma ndo pesa ya kwanza kutoka mfukoni, mota isubiri.

Kingine ni ekseli ya hiyo mota ya gurudumuni. Mota ikivuta, ekseli nayo inataka kujizungusha kinyume, nati peke yake haiishikilii, ikichomoka inazunguka inanyonga waya zote, na kama ni foku ya alminiamu inapasuka. Dawa yake ni rahisi, fundi wa kuchomelea mageti anakukatia kipande cha chuma cha milimita 6, anakitoboa tundu lenye kingo mbili zilizonyooka milimita 10 linaloibana ekseli pale ilipochongwa bapa, upande wa pili unakifunga kwenye fremu. Kazi ya mchana mmoja.

Betri ndo hatari yenyewe. Wengi tunafungua betri za laptopu zilizokufa tunatoa vile vibetri vya milimita 18 kwa 65, na sioni ubaya, vingi bado vina uhai. Ila vipimwe kimoja kimoja. Kilichokutwa chini ya volti 2 kisifufuliwe, kitupwe. Vinavyobaki jaza mpaka volti 4.2, viache wiki mbili bila kuvigusa, pima tena, kilichoshuka sana kuliko wenzake kinavuja chaji ndani kwa ndani na kitaharibu kundi zima. Kwa volti 48 unapanga makundi 13 ya vibetri hivyo mfululizo, ikijaa inasoma 54.6, lazima kuwe na bodi ya kulinda inayosawazisha makundi, na fyuzi. Kuunganisha kwa lehemu ya fundi redio kunavipasha moto vibaya, tafuta mashine ya kuchomelea vibati vya nikeli. Na chonde chonde msichaji usiku chumbani mnakolala na watoto, lithiamu ikishika moto inajichochea yenyewe toka ndani, na moshi wake ni sumu.

Ombi langu kwa VETA, wale wa vyuo vya ufundi, na SIDO, wale wa viwanda vidogo, wa hapa mkoani, mtutengee hata siku moja kwa wiki, mtu alete betri aliyounda au aliyouziwa, ipimwe inabeba ampia-saa ngapi kweli, bodi yake inakata umeme ikizidiwa au haikati, alafu abandikiwe karatasi ya majibu kwenye boksi lake. Gharama tutachangia. Vijana wa kuifanya hiyo kazi wapo, vifaa vyake sio vya bei ya kutisha, na hizi baiskeli zinazidi kuongezeka barabarani.

Msomaji wako,
Kiboriloni, Moshi