Tahadhari ya kimbunga ihesabiwe kwa saa za mvuvi

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kimbunga kikitangazwa, watu huuliza kitatua lini. Ngalawa haisubiri kitue. Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, viwango mnavyovitaja mara kwa mara, vinatosha kuipindua, na hutangulia kitovu kwa saa nyingi. Kungoja kimbunga kipewe jina nako ni kuchelewa: jina hutolewa pale kituo cha kufuatilia vimbunga cha kisiwa cha La Réunion, Bahari ya Hindi, kinapokadiria upepo umefika kilomita 63 kwa saa.

Tunaomba mhesabu kinyumenyume, kuanzia saa upepo wa kilomita 40 unapotarajiwa. Chombo cha tanga kilicho maili 20 za baharini nje, kikienda noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa), kinataka saa 5 kurudi, tena upepo usipokikabili. Weka saa 2 za kuvuta nyavu na 2 za habari kufika madikoni, vyombo vinakoshusha samaki: jumla saa 9. Lakini huko nje simu hazishiki. Tahadhari ya saa 1 usiku haimkuti mvuvi wa dagaa; ameshawasha taa baharini. Kwa hiyo itoke kabla ya saa 9 alasiri, hajapakia mafuta wala barafu. Kama ramani zenu za utabiri bado zinapishana, toeni Angalizo, ngazi ya chini, Tahadhari ifuate.

Mtasema watu watachoka na tahadhari zisizotimia. Kweli, kimbunga Jobo cha 2021 kilidhoofika kabla ya kufika pwani, na Kenneth cha 2019 kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, wakati Mtwara imeshajiandaa. Ila gharama hazilingani. Ikiwa chombo, mashine na nyavu vina thamani ya mapato ya usiku 50, kulala nchi kavu kunalipa mara tu hatari ya kuvipoteza ikizidi 2 kwa 100, na hapo roho za mabaharia hatujazihesabu. Kuhamisha kaya ni jambo jingine. Hilo lidai uhakika mkubwa zaidi. Msiviunganishe viwango hivyo viwili.

Halafu kuna maji. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 4, 2024, siku tatu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) bado. Kingechelewa siku tano kingekuta mwezi mwandamo. Dar es Salaam, maji kujaa ya bamvua huzidi ya maji mafu, yale madogo ya robo za mwezi, kwa karibu mita nzima. Upepo ungekuwa uleule, maji yangekuwa sebuleni. Kila tahadhari itaje saa ya maji kujaa na kama ni bamvua au maji mafu; wazee wa pwani wataelewa bila kufafanuliwa.

Mwisho, taarifa ya kufuta tahadhari itenganishe upepo na mawimbi. Upepo hutulia kwanza, mawimbi makubwa yakabaki yakivunjika kwenye milango ya miamba, na hapo ndipo nahodha mwenye haraka hupoteza chombo. Upepo ukishuka, semeni hivyo, lakini Angalizo la mawimbi libaki hadi yashuke chini ya mita 2.

Ni sisi, wadau wa vyombo vidogo vya pwani