Barua ya wazi kwa Baba Gavana ya Haut-Katanga: mu ile zoni ekonomiki, nani atashona salopeti?

Baba Gavana, jambo kwenu na kwa batu ya ofisi yenu.

Miye ni mama mushonaji hapa Lubumbashi, atelie yangu iko Katuba, masini ine, tunatumika na badada batatu. Tunashona iniforme ya masomo, na salopeti ya batumishi ya mine, ile ya kitambaa nguvu yenye miraba inaangaza usiku. Naandika juu ya zoni ekonomiki speshali, ile ya Kiswishi pembeni ya mji wetu na zingine zenye tunasikia, juu kila mara radio inaitaja na kila mara batu banabaki kuulizana, mumoja anasema ni mji mupya ya bazungu, mwingine anasema ni pahali batanyanganya mashamba, na mutu wa kutufasiria hakuna. Njo nikamuita mutoto ya dada yangu, mwenye anasoma ekonomi ku UNILU, iniversite ya Lubumbashi, nikamukalisha siku mbili ya yenga anieleze polepole.

Vile nilielewa ni hivi. Zoni ni kipande ya inchi chenye Leta anapima mupaka, na ndani ya ule mupaka mambo ya duane, ya takse na ya makaratasi haiko sawa na huku kwetu, mwenye anajenga usini mule anasamehewa takse fulani kwa miaka fulani, masini yake inapunguziwa duane ao inapita bila kulipa, na pahali pa kuzunguka ofisi kumi na dosie mukononi anamaliza yote ku gishe moja. Kwetu Congo sheria yake ni ya tarehe 7 mwezi wa saba 2014, na kuko ajansi ya Leta yenye kuchunga ile mambo, inaitwa AZES.

Nikauliza, sasa Leta mwenye kila siku analia hana franga, anasameheaje takse? Mutoto akaniambia Leta hawezi kutoa kuran, maji na barabara nzuri kwa inchi nzima mara moja, afazali aipange kwanza pahali pamoja, usini zikuje, batu bapate kazi, bintu biuzwe inje, dola zirudi. Sababu ingine njo ilinigusa sana: kuko serikali zenye zinaogopa kubadilisha sheria ya inchi nzima, zinajaribu pahali padogo, kama vile miye nakata kwanza ku karatasi mbele sijagusa kitambaa ya mutu. Chine ilifanya vile 1980, ikachagua Shenzhen karibu na Hong Kong, na Zhuhai, Shantou na Xiamen, ikaona inaenda, ndipo sheria zikapanuka fasi zingine. Na Irlande ilikuwa mbele yabo, 1959, pale Shannon: ndege zenye kuvuka bahari zilikuwa zinasimama pale kutia mafuta, kisha ndege mupya zikawa na nguvu ya kupita bila kusimama, batu ya pale bakaona iwanja yabo itakufa, njo bakafanya zoni pembeni ya iwanja ili usini zishike ile fasi. Nilipenda sana ile habari juu siye pia tuko mji wenye kuishi ya kitu kimoja, shaba, na bababa betu benye balitumika Gécamines, kampuni ya Leta ya mine, banajua vile inaumiza kama kile kitu kimoja kinaanguka.

Lakini kusamehe takse peke yake haitoshe, Baba. Miaka ya 1980, wakati ya Zaïre, balitengeneza zone franche ya Inga, ni kusema zoni ya kusamehewa takse, kule ku barrage ya mto Congo, eti usini kubwa zikuje kukula kuran ya barrage, na zile usini zenye balingojea hazikukuja.

Mufano yenye nabeba mu roho ni ya nguo. Île Maurice ilikuwa inchi ya miwa, 1970 ikapitisha sheria ya zoni, na haikujenga ukuta, usini ilikuwa inaweza kujengwa mu mutaa yoyote na sheria inaifuata pale, bamama bengi bakapata kazi ya kushona. Kenya ilipitisha yake 1990, kuko ile ya Athi River karibu na Nairobi, nguo inaenda Marekani, maelfu ya bamama bako ku masini. Ni kazi, siizarau hata kidogo. Lakini sehemu kubwa ya kitambaa inatoka Asia, inashonwa, inapanda meli. Mutu wa mutaa anauzisha nguvu ya mikono, basi, mulango ya zoni inaangalia bahari kuliko kuangalia jirani.

Njo pale naogopa kwa ajili yetu. Miaka mbili imepita, kampuni moja yenye kutumikia ma mine iliniita juu ya salopeti mia mbili, balichukua sampuli tatu, balipima, balivuta mishono, balisema iko nguvu, nikakopa franga ya kitambaa, kisha kimya, nikaenda kuuliza mara ine mupaka bakaniambia kontena ilisha kufika na nguo zimeshonwa tayari. Deni ya kitambaa nililipa mwaka muzima. Na ile kampuni haikuwa ndani ya zoni, duane ilikuwa inalipa kama kila mutu. Sasa kama iko ndani ya zoni na duane inasamehewa, nani atakumbuka kuuliza bei Katuba?

Tuko na sheria ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 juu ya sutretansi, ni kusema kazi yenye kampuni kubwa inapatia kampuni ingine, yenye inasema hizo kazi za pembeni zichungwe kwa kampuni za bana inchi. Naomba mutuambie waziwazi: ile sheria inatumika ndani ya zoni ao inasimama ku mulango? Na takse gani zinasamehewa, kwa miaka ngapi, na mwenye kusamehewa aliahidi ku karatasi atafanya nini, atapatia batu ngapi kazi, atafundisha nani kazi? Siye ku soko kila siku tunatoa takse na tunapewa tike, tunajua vile tulitoa. Tunaomba ile kontra ya zoni isomwe vile vile, kwa Swahili, tuisikie. Na kuran, Baba. Laini ya Inga mupaka Kolwezi iko pale tangu miaka ya 1980, na bado usiku atelie inazima, badada banamalizia kazi na toroshi ya telefone. Kuran ya zoni itatoka wapi, ni mupya ao ni yetu itakatwa tena?

Musiseme tunakataa zoni. Inchi yetu inatoa zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia, inatoka kama hidroksidi, inaenda kusafishwa Chine, inarudi mu betri ya telefone yenye tunanunua bei kali. Tarehe 29 mwezi wa ine 2022 Congo na Zambia balitia saini mapatano ya kutengeneza betri, na mwaka ule ule UNILU ilipata sentre ya kusoma mambo ya betri. Hata ngambo ya Kasumbalesa, ku mupaka wetu na Zambia, ukipita Chililabombwe na Chingola unafika Chambishi, zoni ya bazambia na bachine iko pale tangu 2007. Nilifurahi sana, na nataka mutoto ya dada yangu atumike mu zoni kama ile na diploma yake.

Masini yangu inaweza kushona salopeti kumi na mbili kwa siku kama kuran iko, na bale ya jirani pia bako tayari. Jibu muipitishe ku radio asubuhi, kwa Swahili, ile saa tunafungua atelie, tutaisikiliza yote.

Mama mushonaji, Katuba, Lubumbashi