Anaelinda bonde na mikoko nae alipwe

Ndugu Mhariri, asalaam alaykum.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze hili la misaada ya serikali kwa sisi wakulima na wafugaji, maana kila mwaka msimu ukikaribia tunasikia trekta za ruzuku, mbegu za ruzuku, mbolea za ruzuku, na mie sikatai, trekta limenisaidia khaswa, kulima bonde kwa jembe la mkono na umri huu si mchezo. Lakini ruzuku yote inakwenda kwenye kulima. Kuilinda hiyo ardhi yenyewe isiharibike hakuna anaekupa hata shilingi, na hapo ndipo tulipokwama miaka yote hii.

Mie nalima mpunga Wilaya ya Micheweni, kwenye bonde alilokuwa akilima mamangu. Baina ya bonde na bahari kulikuwa na mikoko imeshonana, ukiingia ndani humuoni mwenzio. Ikakatwa. Wengine boriti, wengine kuni za kuchomea chokaa, wengine mkaa, na siwezi kuwalaumu sana kwa sababu nawajua, ni wenetu hawahawa, watu wana watoto na siku hiyo hawana pengine pa kupata pesa. Kisha bahari ikaanza kuja, mwanzo bamvua kubwa tu, yaani siku bahari inapojaa kupita kawaida, halafu ikawa kila bamvua, na sasa ivi vile vipande vya chini kabisa jua likiwaka vinakuwa vyeupe kwa chumvi. Mwaka juzi nilipata mbegu ya ruzuku nikapanda palepale kwa vile sina pengine, ikatoka vizuri mpaka ikafika magotini, yakaja maji usiku mmoja, kabla ya wiki kwisha yote imeungua. Mbegu ya serikali, mbolea ya serikali, mafuta ya trekta na jasho langu, vyote vimekwenda na chumvi, na mwakani tukaambiwa tena tujiandikishe kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, tupewe mbegu.

Tuta la kuzuia maji ya bahari tulijengewa, na mradi mmoja sitoutaja jina. Watu walifanya kazi wakalipwa, picha zikapigwa, mradi ukaisha. Baada ya misimu miwili lishakanyagwa na ng'ombe, maana wakati wa kiangazi majani mabichi yamebaki juu ya tuta tu na mwenye ng'ombe wake atamfunga wapi, kaa nao wametoboa, maji yakapata njia yakapanua, saa hizi pahala pamoja gari inapita. Lilipoanza kubomoka kulijaza ilikuwa kazi ya watu ishirini kwa siku mbili tatu basi, lakini kila mtu anawahi kibarua chake na mradi ulokuwa ukilipa haupo tena. Na mikoko iliyopandwa ilikuwa hivohivo, walikuja na mbegu za mkoko wakazichomeka mbele kabisa kwenye mawimbi, pahala ambapo mzee yeyote wa pwani angewambia ni pa mlilana, mkoko wa aina nyengine unaohimili mawimbi, kusi ikavuma ikang'oa karibu yote. Siku ya kupanda ilihesabiwa mche kwa mche, lakini iliyopona hakuna alorudi kuihesabu.

Ndio maana nasema anaelinda nae alipwe, na alipwe kwa kilichobaki hai, sio kwa kilichopandwa.

Wenzetu wa Marekani yaliwakuta makubwa kuliko haya miaka ya 1930, walilima nyanda kavu bila kupumzisha, ukame ukaingia, udongo ukapaa na upepo mpaka vumbi likafika Washington, na mwaka 1935 serikali yao ikaunda idara maalumu ya kuhifadhi udongo. Tangu 1985 wana mpango ambao mkulima mwenye ardhi dhaifu anafunga mkataba wa miaka 10 mpaka 15, haiilimi, anaotesha nyasi au miti, na kila mwaka serikali inamlipa kama vile imemkodi hiyo ardhi. Wafugaji nao kuna mpango mwengine wanachangiwa gharama za uzio na mahodhi ya maji ili ng'ombe wasivunje kingo za mito. Mtu atanambia Marekani wana pesa, kweli wanazo, na shamba la mtu mmoja kule linaweza kushinda mabonde yetu yote. Lakini mbona hapahapa Unguja kule msitu wa Jozani kima punju, wale kima wekundu, wanakula mazao ya wakulima, na wanakijiji na wakulima wanapata fungu kwenye viingilio vya wageni? Yaani jambo lenyewe tunalijua, limefanyika kwetu.

Na karafuu je? Nani Pemba asiekumbuka magendo, watu wakivusha karafuu usiku kwenda Kenya kwa sababu bei ya hapa haikuwa na maana, na askari wakizidi na magendo yakizidi. Serikali ilipoamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya dunia mambo yakabadilika, watu wakarudi mashambani kwao kupalilia, wakapanda miche, leo ukikata mkarafuu wa mtu utatafutwa kijiji kizima. Mkoko hauna hadhi hiyo kwa sababu aliye nao mlangoni haumpi kitu mpaka aukate.

Kwa hivo naiomba Wizara yetu ya kilimo, sehemu ya pesa za ruzuku, hata kama kidogo, iwekwe mkataba na watu wa kila bonde. Tuta likikaguliwa baada ya masika likakutwa zima, waliolitunza walipwe. Mikoko ikihesabiwa baada ya mwaka ikakutwa hai, walipwe, na mwaka wa pili tena. Wenye ng'ombe wasaidiwe mbegu za majani ya malisho na maji karibu na majumbani ili waache kufunga juu ya tuta, kwa sababu kuwapigia kelele tushajaribu tukagombana bure na majirani. Na mwenye kipande kilichokwisha kwa chumvi asilazimike kupoteza mbegu kila mwaka, apewe chochote akiache kipumzike mvua zikioshe.

La mwisho, wataalamu wakija kutuangalia nawaomba wasije maji mafu, siku bahari haijai sana, kama walivyokuja mara ya mwisho, wakatembea na viatu vyao bonde kavu wakasema hali sio mbaya. Waje bamvua, mwezi ukiandama au siku ya mwezi kumi na nne, wakae pale kwenye tuta lilobomoka mpaka maji yajae.

Mkulima wa mpunga,
Micheweni, Pemba